Malazi ya vikundi Karagwe na Kyerwa

Malazi ya vikundi Karagwe na Kyerwa ni mipango ambayo watu wengi wanaosafiri pamoja huifanya ili kupata mahali pa kulala katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Vikundi hivyo ni pamoja na kwaya, timu za michezo, wanafunzi wa ziara za mafunzo, wageni wa harusi na misiba, washiriki wa semina, na watalii wanaotembelea hifadhi za taifa za eneo hilo.

Malazi ya kikundi hutofautiana na ya mtu mmoja kwa mambo mawili. Kwanza, anayeweka nafasi huahidi kwa niaba ya watu ambao huenda wengine wao wasifike, hivyo swali la nani atalipia kitanda kitupu hujitokeza tangu mwanzo. Pili, watu wengi wakilala katika jengo moja, kosa dogo la usalama linaweza kudhuru wote kwa pamoja.

Mazingira

Wilaya ya Karagwe ina makao makuu yake Kayanga. Wilaya ya Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Eneo lote ni la vilima na mabonde, na kwa kuwa liko juu, usiku huwa na baridi kuliko miji mingi ya Tanzania. Wenyeji wengi ni Wanyambo, na kilimo kikuu ni cha migomba, maharage na kahawa.

Huduma za kulala wageni ziko zaidi katika miji na vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara kuu, kama Kayanga na Omurushaka upande wa Karagwe, na Nkwenda, Isingiro na Murongo upande wa Kyerwa. Katika kata za vijijini, Kiruruma ya Karagwe ikiwa mojawapo, tegemeo kubwa la wageni wengi ni nyumba za ndugu na majirani. Kwa hiyo kikundi chenye shughuli kijijini huwa na njia mbili: kulala mjini na kusafiri kila siku, au kugawanywa katika kaya.

Wageni kutoka Bukoba hupita Kyaka, na kutoka hapo hufuata barabara ya Kyaka–Bugene yenye urefu wa takriban kilomita 59. Safari yote kutoka Bukoba hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita 100. Wanaotoka Uganda wanaweza kuvuka mpaka Mutukula, au Murongo kwenye Mto Kagera, mkabala na Kikagati.

Historia

Kupokea wageni kwa makundi si jambo geni Karagwe. Katika karne ya 19 ufalme wa Karagwe ulikuwa kwenye njia ya biashara kati ya Tabora na Buganda. Wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme huko Bweranyange. Misafara yenye wapagazi wengi ilipumzika hapo ikisubiri ruhusa, chakula na habari za njia iliyo mbele.

Novemba 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea wasafiri Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant pamoja na msafara wao. Speke aliendelea na safari kuelekea Buganda Januari 1862. Grant aliugua mguu, akabaki chini ya uangalizi wa mfalme hadi Aprili mwaka huo. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika Karagwe na kutembelea chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako wagonjwa walikuwa wakikusanyika na kukaa kwa siku kadhaa ili kuoga.

Wakati wa ukoloni wa Kiingereza, maofisa wa serikali waliokuwa ziarani walitumia nyumba za mapumziko za serikali. Baadaye taasisi za dini zilijenga hosteli na vituo vya mafunzo, na wafanyabiashara wakafungua nyumba za kulala wageni, maarufu kama gesti.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hilo yalipandishwa hadhi. Ndipo zilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe na Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa. Mwaka huohuo ilianzishwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato yenye eneo la kilomita za mraba 4,707, ambayo baadhi ya vikundi huiunganisha na hizo mbili katika safari moja.

Aina za malazi

Nyumba za kulala wageni hutoza kwa chumba. Kikundi kikubwa mara nyingi hulazimika kugawanyika katika gesti mbili au tatu. Faida yake ni faragha, na kasoro yake ni ugumu wa kuwahesabu watu na kuwaamsha kwa wakati mmoja.

Hosteli na vituo vya mafunzo, vingi vikiwa vya taasisi za dini, hutoza kwa kitanda au kwa mtu. Mara nyingi vina ukumbi, jiko kubwa na uwanja wa kuegesha basi. Baadhi huweka masharti kuhusu pombe, muziki na saa ya kufunga geti, na masharti hayo huhusu kila mgeni bila kujali dini yake.

Mabweni ya shule hutumika wakati wa likizo. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yameufanya utaratibu huu uzoeleke nchini kote: timu hulala katika shule mwenyeji, na wachezaji hubeba mashuka na vyombo vyao vya kulia.

Nyumba nzima ya kupanga kwa muda mfupi ni aina ambayo kikundi hukodi nyumba yenye vyumba kadhaa, jiko na sebule. Utaratibu huu umeenea zaidi Zanzibar, Lamu, Dar es Salaam na Nairobi, hasa kupitia tovuti kama Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008. Karagwe na Kyerwa makubaliano ya namna hii bado hufanywa zaidi kwa simu na kwa kujuana.

Mahema hutumiwa na wageni wa hifadhi. Kikundi kinapaswa kuuliza mapema ni vifaa gani vipo na vipi vibebwe, kwa kuwa hifadhi changa hazina miundombinu sawa na ya hifadhi kongwe kama Serengeti.

Nyumba za watu hutumika zaidi kwenye harusi na misiba. Mgeni halipi kodi, lakini haimaanishi kwamba hakuna gharama: mwenyeji hutoa chakula, maji, kuni na godoro lake. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe hukumbusha kwamba ukarimu una mipaka. Familia nyingi hupunguza mzigo huo kwa kumpelekea mwenyeji mchele, sukari, sabuni au mchango wa fedha kabla wageni hawajafika.

Kuchagua wakati

Nafasi hupungua kwa misimu. Mwishoni mwa Desemba wenyeji wanaoishi mikoa mingine hurudi nyumbani kwa Krismasi na mwaka mpya, na harusi nyingi hupangwa wakati huohuo. Msimu wa kahawa katikati ya mwaka huleta wanunuzi na madereva. Mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na ule wa kidato cha nne mwezi Novemba huleta wasimamizi wanaohitaji vyumba. Ziara za viongozi na mbio za Mwenge wa Uhuru zinaweza pia kujaza gesti za mji mdogo kwa usiku mmoja.

Mvua hunyesha katika vipindi viwili: kuanzia Septemba hadi Desemba, na kuanzia Machi hadi Mei. Katika vipindi hivyo barabara za udongo huteleza, na basi kubwa linaweza kushindwa kufika mahali ambapo gari dogo hufika. Mratibu huuliza kuhusu barabara ya mwisho kufika kwenye malazi, si barabara kuu peke yake.

Kuhesabu watu na gharama

Kazi ya kwanza ni kupata idadi. Waratibu wenye uzoefu hutofautisha orodha tatu: waliosema watakuja, waliolipa sehemu, na waliomaliza kulipa. Nafasi huwekwa kwa kufuata orodha ya pili au ya tatu. Orodha ya kwanza ni ahadi tu, na mwenye malazi hawezi kulipwa kwa ahadi.

Bei inaweza kuwa ya kila mtu au ya jengo zima, na tofauti hiyo huamua nani anabeba hasara ya kitanda kitupu. Mfano ufuatao ni wa kubuni. Kwaya ya watu 40 inataka kulala siku mbili. Hosteli inatoza shilingi 12,000 kwa kitanda kwa usiku. Nyumba nzima yenye vitanda 40 inatozwa shilingi 420,000 kwa usiku.

Wakienda wote 40, hosteli itagharimu shilingi 960,000, yaani 24,000 kwa kila mtu. Nyumba itagharimu shilingi 840,000, yaani 21,000 kwa kila mtu. Hapo nyumba ni nafuu.

Wakienda 32, hosteli itagharimu shilingi 768,000, na kila mmoja atalipa 24,000 ileile. Nyumba itabaki shilingi 840,000, na kila mmoja atalipa 26,250. Hapo hosteli ni nafuu.

Wakiwa 35 bei hulingana. Kwa hiyo nyumba ina faida ikiwa tu kikundi kina hakika ya kupata zaidi ya watu 35. Hesabu hii ya mpaka wa faida hupatikana kwa kugawanya bei ya jengo zima kwa bei ya mtu mmoja mahali pengine, nayo husaidia kuzuia ugomvi unaotokea pale waliofika wanapodaiwa nyongeza kwa ajili ya wasiofika.

Vikundi hutumia njia mbalimbali kukabiliana na hali hiyo. Vingine hutangaza tangu mwanzo kwamba mchango wa malazi haurudishwi baada ya tarehe fulani, isipokuwa mhusika amepata mtu wa kuziba nafasi yake. Vingine huongeza kiasi kidogo kwa kila mtu kuwa akiba ya dharura, na kinachobaki hurudishwa au hupelekwa kwenye shughuli ya pamoja. Njia yoyote huwa na nguvu ikiwa imetangazwa kabla ya fedha kukusanywa.

Bajeti kamili huhusisha pia usafiri, chakula, maji ya kunywa, mafuta ya jenereta, malipo ya mpishi na mlinzi, na ada za kuingia hifadhini. Katika hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), ada ya kuingia ni tofauti na gharama ya kulala. Hutozwa kwa kila mtu, na hutofautiana kwa uraia na umri. Watoto walio chini ya miaka 5 hawatozwi.

Kuweka nafasi

Nafasi huwekwa kwa kupiga simu au kwenda mwenyewe, na makubaliano hufuatiwa na ujumbe wa maandishi. Ujumbe huo hutaja:

Tarehe na saa ya kufika, na tarehe na saa ya kuondoka.
Idadi ya watu, wanawake na wanaume, watu wazima na watoto.
Idadi ya vyumba na vitanda, na kama watu wawili watalala kitanda kimoja.
Bei, na kama imejumuisha chai ya asubuhi, mashuka, blanketi, maji ya moto na matumizi ya jiko au ukumbi.
Kiasi cha malipo ya awali, tarehe ya kumalizia, na nani atapokea.
Masharti ya kughairi au kupunguza idadi.

Swali kuhusu kitanda ni la lazima. Maneno kama chumba cha watu wanne yanaweza kumaanisha vitanda vinne, vitanda viwili vya ghorofa, au vitanda viwili vipana. Kutokana na baridi ya usiku, idadi ya mablanketi nayo huulizwa, sawa na vyandarua, kwa kuwa malaria ipo mkoani Kagera.

Inapowezekana mtu mmoja huenda kukagua kabla ya kulipa. Kikundi kilicho mbali kinaweza kumtumia ndugu, mwalimu au kiongozi wa dini anayeishi karibu. Mkaguzi hufungua bomba, hujaribu taa, huhesabu vyoo na kuangalia tanki la maji. Tundu mbili za choo kwa watu 40 wanaotakiwa kuondoka saa 12 asubuhi ni tatizo ambalo picha ya jengo haiwezi kulionyesha.

Malipo

Malipo ya awali huitwa arubuni, na katika mazungumzo ya kawaida baadhi ya watu huyaita kishika uchumba. Kazi yake ni kumthibitishia mwenye malazi kwamba kikundi kina nia, na kukihakikishia kikundi kwamba vyumba havitatolewa kwa mwingine.

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea Tanzania kuanzia mwaka 2008, malipo mengi hufanywa kwa njia hiyo. Kulipa kwa namba ya biashara, maarufu kama lipa namba, hutoa ulinzi zaidi kuliko kutuma kwa namba ya mtu binafsi, kwa sababu jina la biashara huonekana kabla ya kuthibitisha. Malipo ya serikali, zikiwemo ada za hifadhi, hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ambayo wengi huiita kontroli namba. Nayo hulinganishwa na jina la taasisi na kiasi kabla ya kubonyeza.

Hatari inayojulikana sana ni ujumbe wa kitapeli unaomtaka mtu atume ile hela kwenye namba nyingine. Mratibu anayesubiri kupewa namba ya kulipia ni rahisi kudanganywa, kwa sababu ujumbe humkuta akiwa tayari na fedha mkononi. Kinga yake ni kumpigia mwenye malazi kwa namba iliyotumika tangu mwanzo kabla ya kutuma chochote. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetenga namba 15040 kwa ajili ya kutumiwa ujumbe na namba za matapeli, na udanganyifu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba fedha zimetumwa, lakini hauelezi zilitumwa kwa ajili gani. Ndiyo maana risiti hudaiwa hata baada ya kulipa kwa simu. Sheria za kodi zinamtaka mfanyabiashara kutoa risiti na mnunuzi kuidai. Ndani ya kikundi, mweka hazina hutunza daftari la michango, naye hafai kuwa mtu yuleyule anayeidhinisha matumizi. Utaratibu huo humlinda mweka hazina mwenyewe, kwa kuwa mwenye maandishi hahitaji kujitetea kwa maneno.

Makubaliano na kughairi

Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345), makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, ingawa maandishi hurahisisha uthibitisho. Kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kufunga mkataba, malazi ya wanafunzi huombwa na shule au mtu mzima anayewajibika.

Kipengele cha kughairi hutenganisha hali mbili. Hali ya kwanza ni kikundi kubadili nia au kukosa watu. Hapo kwa kawaida arubuni hupotea, yote au sehemu yake, kulingana na siku zilizobaki. Hali ya pili ni tukio lililo nje ya uwezo wa pande zote. Sheria hiyo inaeleza kwamba mkataba ambao umekuwa hauwezekani kutekelezwa huwa batili, na aliyepokea faida kutokana nao hupaswa kuirudisha au kulipa fidia. Hata hivyo ni rahisi zaidi kukubaliana mapema kuliko kushitakiana baadaye.

Historia ya karibuni ya Kagera inaonyesha kwamba matukio ya namna hiyo si ya kufikirika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kuharibu nyumba, shule na majengo mengine mkoani humo. Machi 2020 serikali ilifunga shule nchini kote kutokana na UVIKO-19, na ziara za wanafunzi zikasimama. Machi 2023 mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, na Januari 2025 mlipuko mwingine ukatangazwa Biharamulo. Suluhisho linalotumiwa na wengi ni kuhamisha arubuni hadi tarehe mpya badala ya kuirudisha, kwa sababu huenda mwenye malazi ameshanunua chakula na kuajiri vibarua.

Usalama

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2020 moto ulizuka katika bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, na kuua wanafunzi 10. Tukio hilo ni kumbukumbu nzito ya jinsi moto unavyokuwa na madhara makubwa mahali ambapo wengi wamelala pamoja, hasa watoto.

Ukaguzi wa usalama wa moto hauhitaji utaalamu mkubwa. Mratibu huangalia kama jengo lina milango miwili inayofunguka, na kama kuna dirisha ambalo mtu anaweza kupita. Nondo za madirishani ni za kawaida nchini kwa ajili ya kuzuia wezi, lakini jengo lenye mlango mmoja na nondo madirisha yote huwa mtego wakati wa moto. Mlango wa nje haufungwi kwa kufuli kutoka nje wakati watu wamelala ndani. Ikiwa ni lazima kufunga, hufungwa kwa ndani, na ufunguo hukaa mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Mishumaa, vibatari na majiko ya mkaa havitumiki ndani ya vyumba vya kulala. Jiko la mkaa lina hatari ya ziada: katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala wanaweza kufa bila kuamka.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, kikundi huonyeshwa milango ya kutokea na mahali pa kukusanyika nje. Orodha ya majina ya kila chumba hubaki kwa watu wawili wanaolala majengo au vyumba tofauti, ili moto ukitokea ijulikane nani hajaonekana. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Kwa kuwa msaada unaweza kuwa mbali na vijiji, namba ya simu ya mwenyekiti wa kitongoji na ya kituo cha afya kilicho karibu ni muhimu vilevile.

Kwa kuwa tetemeko la mwaka 2016 liliacha nyufa katika majengo mengi ya mkoa, kuta na nguzo huangaliwa pia, hasa za majengo ya zamani ya matofali.

Vitambulisho na utaratibu wa wageni

Nyumba za kulala wageni hutunza kitabu cha wageni chenye jina, mahali mtu anakotoka na anakokwenda. Kikundi huokoa muda kwa kuandaa orodha iliyochapwa. Kwa sababu wilaya hizi zinapakana na Rwanda na Uganda, maofisa wa Uhamiaji wanaweza kuwauliza wasafiri uraia wao, hivyo kila mtu mzima hubeba kitambulisho cha Taifa au kingine kinachotambulika, na mgeni kutoka nje hubeba hati yake ya kusafiria. Wanafunzi hubeba vitambulisho vya shule, na kiongozi wao hubeba barua ya mkuu wa shule. Wageni wanaolala katika kaya hutambulishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Orodha hizo zina taarifa za watu, na hazifai kusambazwa ovyo katika makundi ya simu. Matumizi ya taarifa za aina hiyo husimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Vikundi vya wanafunzi

Ziara ya wanafunzi huhitaji kibali cha mamlaka ya elimu na ridhaa ya wazazi ya maandishi. Barua kwa mzazi hutaja mahali pa kulala kwa jina, si mji tu, pamoja na namba ya simu ya mwalimu. Wasichana na wavulana hulala majengo tofauti au pande tofauti zenye milango yake. Wasichana huongozwa na mwalimu wa kike anayelala karibu nao. Hakuna mgeni mwingine anayepangwa katika jengo walilolala, hata kama kuna vitanda vitupu. Katika hali hii kitanda kitupu ni gharama inayokubalika.

Wanafunzi wenye pumu, kifafa, kisukari au ulemavu hutajwa kwa mwalimu kabla ya safari, ili wapangiwe vitanda vya chini, vyumba vya karibu na mlango, na mtu wa kuwaangalia. Mwanafunzi ambaye familia yake haiwezi kulipa mchango wote husaidiwa kwa siri. Baadhi ya shule hulifanya jambo hilo kwa kuingiza nafasi moja au mbili katika gharama ya kikundi, bila kutaja nani amezitumia.

Kuondoka

Siku ya kuondoka mratibu na mwenye malazi hupita pamoja vyumbani kuhesabu mashuka, funguo na vyombo, na kukubaliana kuhusu kilichovunjika. Fidia hulipwa na kupewa risiti palepale. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wanakikundi ndani ya siku chache, ikiwa na idadi ya waliolipa, waliofika, na salio. Taarifa hiyo huwa msingi wa safari inayofuata, kwa kuwa inaonyesha ni wangapi hutimiza ahadi kati ya wale wanaosema watakuja.

Tazama pia

Wilaya ya Karagwe
Wilaya ya Kyerwa
Kiruruma
Wanyambo
Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe
Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa
Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato
Utalii nchini Tanzania